Matanga ya Ciakuthii wa Kaweru

Ukitaka kuzikwa vizuri Siakago, yaani ukitaka watu wakulilie hata wale uliowahi kuwanyima chumvi, basi wasifu wako uandikwe na Ruguru. Hilo halina ubishi. Kuna vibanda vingine vya kuchapa pale mjini, na kuna vijana wenye kompyuta mpya na mashine za kutoa picha za rangi, lakini vijana wale watakuandikia kwamba marehemu alikuwa mchapakazi na mcha Mungu, wabadilishe jina, wamalizane nawe. Ruguru hukuketisha. Hukuuliza marehemu alipenda kula nini, na mbuzi wake alikuwa akiwaita vipi jioni. Hapo mjane ambaye hajatoa chozi tangu mochari huangua kilio, na Ruguru humngoja anyamaze, kisha huendelea kuchapa.

Alifika Siakago akiwa msichana, kutoka upande wa juu kule Runyenjes, kwenye majani chai na ukungu. Aliletwa na kazi ya kupiga taipu katika ofisi moja ya serikali. Ofisi ilipoletewa kompyuta, wapiga taipu waliambiwa asante na kwaheri. Wenzake walirudi makwao. Yeye hakuwa na wa kumrudia sana, wazazi walikuwa wamekwisha kufa na kaka yake Antony alikuwa amehamia mjini Embu, mtaa wa Dallas, na mke asiyependa wageni. Kwa hiyo akakodi kibanda mkabala na ghala la nafaka, chenye chumba cha kulala kwa nyuma, akabaki. Hakuolewa. Wapo waliowahi kuijua sababu, lakini mambo ya mtu mkimya husahaulika upesi.

Watu wa Siakago si wabaya, tusiwasingizie. Walimsalimu, walimlipa, walimsifu. Lakini kule mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake, Mama Fulani na Mama Fulani, na asiye na mtoto inabidi atafutiwe kitu kingine cha kumwita. Yeye walimwita Ruguru Fotokopi. Hata katika kundi la WhatsApp la akina mama wa kanisani, walikomtia si kwa sababu alikuwa mwenzao wa maombi bali kwa sababu ya programu za mazishi, jina lake lilikuwa ni hilo kwenye simu zote. Ungemtafuta Ruguru peke yake usingempata.

Ndipo hapo ilipoanzia Kaweru.

Kaweru ni mji usiokuwapo. Weru, kwa lugha ya kwao, ni uwanda, nyika tupu iliyolala kama mkeka. Kaweru basi ni uwanda mdogo. Ruguru aliuanzisha siku moja isiyokuwa na mteja, akaandika sentensi mbili tatu kuhusu barabara moja ya vumbi na maduka ya mabati, na nyasi pande zote mpaka mbingu inapoishia. Kesho yake akaongeza kinu cha kusaga unga kinachokohoa kabla ya kuwaka. Halafu kanisa ambalo kengele yake ni ringi ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Miaka ikapita, mji ukajaa. Kulikuwa na Mutuma wa dawa za mifugo, mwongo wa kupindukia, na kinyozi aliyeimba kwaya akiwa na wembe mkononi, jambo lililowatia wateja wake hofu. Na juu yao wote kulikuwa na Ciakuthii.

Ciakuthii alikuwa na hoteli ya chai na chapati, mwanamke mnene, mdomo wazi, asiyeweza kumwacha mtu apite barabarani bila kumwita. "Wee! Unaenda wapi na njaa hiyo?" Alimwita mgeni, alimwita adui, alimwita hata mtoza ushuru wa soko. Kila jioni Ruguru alipofunga kibanda na kurudi chumba cha nyuma, alijipikia ugali wake na nthoroko, kunde za huku, akala akiwa ameelekeza uso kwenye kompyuta, na mara nyingi Ciakuthii ndiye aliyekuwa wa mwisho kusema naye kitu siku hiyo. Msimcheke. Kuna watu wanaosema na redio.

Hakuna aliyeijua Kaweru. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu angependa kuijua.

Basi mwaka huu goti la Ruguru lilianza kumsumbua, na akashtuka kuona kwamba Ciakuthii naye alikuwa amezeeka. Hakujua amfanyeje. Mwanamke yule hangekubali kulala kitandani akilishwa uji kwa kijiko. Jumapili moja alasiri, watu wakiwa wamepumzika majumbani, Ruguru aliandika kwamba Ciakuthii alifunga hoteli yake mapema, akajimiminia chai, akaketi kwenye benchi la wateja, na hakuinuka tena. Alipoweka nukta alilia. Alilia kwa sauti mpaka akaona haya, akaenda kufunga dirisha.

Na mtu akifa, Ruguru alijua jambo moja tu la kufanya. Alifungua ukurasa mpya akaandika wasifu, kwa mtindo uleule aliowaandikia watu wote wa Siakago. Marehemu Ciakuthii alizaliwa wapi, alilelewa vipi, alikuja Kaweru mwaka wa njaa gani. Alipenda viazi vitamu vilivyochomwa mpaka ngozi ikawa nyeusi. Akafika pale pa mwisho, pale panapoandikwa marehemu amewaacha nani na nani, watoto, wajukuu, vitukuu. Ciakuthii hakuwa na mtu. Ruguru alipatazama mahali pale kwa muda mrefu. Pakiachwa wazi ni aibu kwa marehemu. Akaandika: Amemwacha Ruguru.

Sasa, kuna jambo la kazi hii ambalo lazima lielezwe. Programu ya mazishi ikimsahau mtoto mmoja, hasa wa mke wa pili, mazishi huweza kuvunjika na watu wakapigana juu ya jeneza. Kwa hiyo Ruguru alikuwa na desturi: kila programu, kabla ya kuichapa, aliitupa kwenye lile kundi la akina mama ili waisome, waseme nani amesahauliwa. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi kiasi kwamba mkono wake ulikwenda wenyewe. Siku hiyo alitaka kujitumia mwenyewe, aisome kwenye simu akiwa amelala. Mkono ukaenda njia yake ya siku zote.

Alikuwa anajinawisha uso simu ilipoanza kulia. Ikalia tena, na tena.

"Pole sana Ruguru."

"Ngai! Pole. Huyu alikuwa dada yako?"

"Pole kwa msiba. Mungu akutie nguvu. Hatukujua hata una mgonjwa."

"Wasifu mzuri sana, nimelia. Pumzika cucu, nyanya yetu Ciakuthii."

Alisimama katikati ya chumba, maji yakimchirizika kidevuni. Akaanza kuandika: Samahani, hii si... Pole nyingine zikaja zikiwa zimefuatana. Akafuta. Akaanza tena: Samahanini akina mama, nimekosea. Ikaingia ya Jedidah, mwenyekiti wao, Mama Kithinji, mwanamke asiyependa maneno mengi: "Uko peke yako hapo nyumbani?"

Ruguru aliisoma ile mara mbili. Tangu afike mji ule, hakuna aliyewahi kumwuliza swali lile. Akafuta alichokuwa ameandika. Akajibu, "Ndiyo."

"Kesho saa kumi tunakuja kuomba na wewe."

Hapo ndipo angesema. Ukweli ulikuwa bado mdogo, ungesemeka kwa neno moja. Lakini aliutazama ujumbe ule, kisha akaandika, "Haya."

Usiku huo alilala vibaya, na asubuhi hakufungua kibanda. Alifagia. Alikuwa na vikombe viwili, kimoja hakijawahi kutiwa chai, akaviosha vyote viwili. Kila saa aliamua kwamba sasa atasema, na kila saa akajipa sababu: wako shambani, simu zimezima, nitawaeleza wakifika.

Walifika na vumbi lao. Ilikuwa majira ya kupura ndengu, na baadhi yao bado walikuwa na makapi kwenye vitambaa vya kichwa. Waliingia kwa wimbo, taratibu, na mizigo: kuni mgongoni, unga, sukari, majani, maziwa kwenye jagi, sufuria la kanisa lililobebwa na wawili. Chumba kilijaa, wengine wakaketi kitandani pake, wengine wakabaki uani. Wakamshika mkono mmoja mmoja. Mikono yao ilikuwa mikavu na yenye joto. Ruguru alianza kulia na hakujua analilia nini, na kadiri alivyolia ndivyo walivyozidi kumshikilia, na ndani ya kilio kile, Mungu amsamehe, alikuwa na furaha.

Jedidah aliomba. Alimwombea marehemu, akamwombea Ruguru, akaombea safari ya mazishi. Kisha akafumbua macho akauliza lile swali ambalo kila mtu huuliza, kwa sababu kuna gari la kutafuta na watu wa kupanga.

"Mwili uko mochari gani?"

Ruguru alitazama sakafu.

"Hakuna mwili," akasema.

"Wamezika tayari?" akauliza Cicily, msichana wa saluni, aliyekuwa mdogo kuliko wote na mwenye mdomo kuliko wote.

"Hakuna mwili kwa sababu hakuna mtu. Ciakuthii nimemtunga. Kaweru nimeitunga pia. Ni hadithi ninayoandika, na nilikosea nikaituma kwenu. Nilitaka kuwaambia jana." Akainua macho. "Halafu mkasema pole."

Mbuzi wa jirani alisikika akitafuna. Kisha maneno yakamwagika. Mmoja alisema hii ni dhihaka kwa Mungu. Mwingine alisema ameacha ndengu zake uwanjani na kuku wanazila wakati huu, kwa ajili ya mtu wa kwenye kompyuta. Cicily alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani. "Haki umetuweza, Ruguru. Mimi nimefunga saluni. Nimeacha mtu na nusu kichwa!"

"Twende," akasema yule wa ndengu, na akainama kuchukua mzigo wake wa kuni.

"Weka chini," akasema Jedidah.

"Mama Kithinji, si umesikia—"

"Nimesikia. Kuni za matanga zinarudi nyumbani tangu lini? Ukizibeba zirudi kwako, unakwenda kumpikia nani?"

Yule mwanamke aliziachilia kuni kana kwamba zimemuuma. Wenzake nao wakaangalia unga, sukari, sufuria. Kila mmoja alilelewa akiambiwa hivyo: kilichoingia kwenye nyumba ya msiba huliwa hukohuko, ukikirudisha kwako umeuonyesha msiba njia. Sasa hapa pana msiba au hapana? Hakuna aliyewahi kuulizwa swali hilo, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulijibu kwa mzigo mgongoni.

"Washeni moto," akasema Jedidah. "Na wewe, Ruguru, acha kulia. Tukila chakula cha matanga lazima tuambiwe tunamlilia nani. Soma."

Basi alisoma. Alitoa kompyuta uani akaiweka juu ya debe, na wao wakipika, akawasomea Kaweru kwa aibu, akimeza maneno. Cicily akamwambia asome kama anayesoma programu ya mtu. Akainua sauti. Walipofika kwa Mutuma wa dawa za mifugo, aliyemuuzia mtu maji ya chumvi akamwambia ni dawa ya kupe kutoka Ujerumani, kicheko kikapasuka karibu na sufuria.

"Huyo namjua! Huyo ni yule wa kule stendi!"

"Si yeye. Nimemtunga."

"Umemtunga akiwa amesimama pale stendi."

Waliuliza maswali ambayo Ruguru hakuwahi kujiuliza. Kaweru wanapata wapi maji? Ciakuthii alikuwa wa ukoo gani? Pasta wao ameoa? Yule wa ndengu, aliyekuwa bado amenuna, akauliza mbona huo mji hauna mlima. "Hapa kwetu ukiinua macho unaona Kiang'ombe. Huko hakuna hata kilima cha mbuzi kupandia. Ungetuwekea kimoja."

"Nilitaka pawe tambarare," akasema Ruguru.

"Kwa nini?"

Aliona haya, lakini alikuwa ameshasema mambo ya aibu zaidi siku hiyo. "Mahali tambarare unamwona mgeni tangu akiwa mbali. Unapata nafasi ya kutia chai jikoni."

Hakuna aliyecheka. Akaendelea kusoma, mpaka pale Ciakuthii alipofunga hoteli mapema na kujimiminia chai. Mikono iliyokuwa ikisonga ugali ikapunguza mwendo. Alipomaliza, Jedidah aliuliza, "Nani alikuwa naye?"

"Hakuna."

"Mwanamke aliyeita mji mzima kula, na siku ya kufa kwake hakuna hata mmoja aliyeingia?"

Ruguru alikuwa ameandika hivyo kwa sababu hakujua kuna njia nyingine ya kufa.

Walikula, wakaosha sufuria, jua likawa linazama. Wakati wa kuondoka Cicily, kwa utani wake, akauliza mazishi ni lini.

"Sijaandika."

"Kama hajazikwa," akasema Jedidah, akifunga leso kiunoni, "maombi hayakatizwi. Kesho tena."

Ruguru hakujua kama ni utani. Lakini kesho yake walikuja kweli. Hawakuja wote, ila walikuja wengi. Waliimba wimbo mmoja, wakaomba kidogo, halafu wakamtaka asome. Baba yake Cicily alikuwa ameisikia habari akatuma swali kuhusu kinyozi. Siku iliyofuata wakapungua, ndengu hazingojei mtu. Kisha ikanyesha mvua isiyokuwa ya wakati wake, kila mmoja akakimbilia kuanua mazao, wakaja watatu wenye haraka. Ndivyo matanga yalivyo kila mahali, hata ya watu waliokuwa na miili: siku ya kwanza hakuna pa kukanyaga, siku ya mwisho viti vinamtazama mfiwa. Ruguru alilijua hilo kwa kuambiwa tu. Alikuwa akinunua maziwa kila siku na kila siku yakabaki mengi zaidi.

Hakumzika Ciakuthii. Kila alipokaa kuandika alijiambia bado, jeneza halijapatikana, ndugu wa mbali hawajafika, barabara ya Kaweru imekatika. Alijua anachofanya. Mtoto mdogo angejua.

Ikafika jioni ambayo Jedidah alikuja peke yake. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekuwa ameinama kidogo tangu afiwe na mumewe, Njura. Aliketi, akakubali chai, akainywa mpaka nusu.

"Ruguru, mzike huyo mtu."

"Bado sijajua nitaandika—"

"Maiti haikai hivyo. Watu wamechoka, na wewe umechoka. Mzike."

"Nikimzika hamtakuja tena." Lilimtoka hivyo hivyo, kama mtoto. "Jedidah, nimekaa mji huu miaka yote hii na hakuna aliyewahi kuketi kwenye kiti hicho ulichokalia. Nikimzika, mtarudi kuniambia nitoe kopi za vitambulisho. Naogopa. Naogopa kumaliza kama nilivyommaliza yeye, chai mbele na mlango umefungwa."

Jedidah alikizungusha kikombe mikononi.

"Na wewe ulikuja kwa nani?" akauliza.

"Nini?"

"Nauliza. Tangu ufike hapa umeingia matanga ya nani? Umezika karibu Siakago yote kwa karatasi. Njura wangu alipokufa uliniuliza alipenda nini, nikakwambia, ukaandika vizuri mpaka mashemeji zangu wasionipenda walilia. Tukaweka viti uani siku zote zile. Kila jioni nilisema, leo yule Ruguru atakuja, kwa maana ndiye pekee aliyeniuliza habari za Njura kama mtu. Hukuja. Hata siku ya kuzika hukuja. Ulimtuma kijana na boksi la programu."

Ruguru akajibu, "Hakuna aliyenialika."

Jedidah alimtazama kwa mshangao wa kweli, mshangao wa mtu aliyeambiwa kwamba kuna wanaongoja mwaliko ili wapumue.

"Kualikwa? Kwenye matanga?" akasema. "Wewe ulituma kadi tulipokuja hapa? Matanga hayana kadi, Ruguru. Mtu husikia, akaja. Ndiyo maana tulikuja kwako, na wewe hujawahi kuja kwetu. Kuna waliokataa, nikuambie ukweli. Walisema huyo hazikani na watu. Mimi nikasema twende." Akaweka kikombe chini kikiwa na chai ndani, akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Kesho yake hakuja mtu. Ruguru alikaa na maziwa yake, na safari hii hakuwalaumu. Alirudi nyuma katika akili yake, jeneza kwa jeneza, na kila mahali alijiona ameketi kibandani akisikia nyimbo za maombi zikipita ng'ambo ya barabara. Alikuwa akizisikia vizuri sana. Alikuwa akijiambia, wakitaka niende wataniambia. Kumbe wao walikuwa wakisema, akitaka kuja atakuja. Na miaka ikaenda hivyo, pande mbili zikingojeana, na yeye ndiye aliyekuwa upande wenye mtu mmoja.

Siku iliyofuata aliamua kuzika. Aliandika kaburi, aliandika kwaya, aliandika Mutuma akilia na kusema ukweli kwa mara ya kwanza maishani. Akawaleta watu wa Kaweru wote mpaka hotelini kwa Ciakuthii siku ya kabla ya mazishi, wakajaa. Kisha akafika kwa yule aliyeachwa, yule aliyemwandika mwenyewe kwenye wasifu. Alitaka jirani mmoja aingie na kumwambia neno. Mkono ukasimama. Anaingiaje? Anasimama mlangoni au anakwenda moja kwa moja kumshika mkono? Anasema pole kwanza, au anaketi kwanza? Na baada ya pole, wakati wote ule mrefu wa kuketi, watu husema nini? Yeye, ambaye wafiwa wote wa Siakago walikuwa wamepita mbele yake, hakujua. Wao ndio waliokuwa wakija kwake. Alikuwa amejifunza kuuliza tu.

Alizima kompyuta kazi ikiwa katikati, akafunga kibanda mchana kweupe, wateja wakimshangaa.

Kwa Jedidah ni mbele ya soko la mbuzi, kisha unashuka. Alikuwa anapaelewa kwa sababu aliwahi kuuandika mwelekeo wake kwenye programu, lakini miguu yake haikuwa ikipajua, alipotea na kuulizia njia. Goti lilimuuma. Mara mbili alitaka kurudi. Alipofika, Jedidah alikuwa ameketi kwenye benchi chini ya ukuta wa nyumba, ungo mapajani, akichambua ndengu. Hakuinuka.

Ruguru alisimama pale uani, mikono mitupu, akasahau yote aliyokuwa ameyapanga njiani.

"Nimekuja kwa ajili ya Njura," akasema.

Jedidah aliendelea kuchambua. Alitoa jiwe dogo, akalitupa.

"Njura alikufa mwaka juzi."

"Najua. Ni mimi niliyemwandika."

"Uliandika kwamba alifariki kwa amani."

"Ndivyo mlivyoniambia niandike."

"Ndiyo. Ndivyo tulivyokuambia." Mikono ya Jedidah ikasimama ndani ya ungo. Ruguru, ambaye kwa kazi yake angeuliza swali hapo, hakuuliza. "Hakufa kwa amani, Ruguru. Alinililia siku nne, akiniita kwa jina la mama yake, na mimi nilikuwa peke yangu naye humu ndani."

Akauweka ungo chini, akasogea mpaka mwisho wa benchi. Ruguru akaketi.